Namna ya Kuipekua Programu ya Simu

Mnunuzi wa miraa mjini Maua, Kenya, hanunui kwa kuambiwa. Hufungua majani ya mgomba, hupekua kibunda, hutazama ubichi wa vijiti, hutafuna kidogo, kisha ndipo hutaja bei, maana anajua mzigo huo una siku mbili hivi kabla haujachakaa. Lakini mtu huyo huyo akiletewa programu ya simu, iwe ya soko, ya sacco au ya mikopo, hutajiwa idadi ya waliojisajili akaridhika. Programu nayo ina ubichi wake, na unapimika.

Idadi ya waliojisajili, au ya walioipakua, huonyesha bidii ya watangazaji: fulana zilizogawiwa, mikutano iliyoitishwa, muda wa maongezi waliopewa watu ili wajiandikishe. Kampuni ya simu ya Vodacom ilipeleka M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, Afrika Kusini mwaka 2010, na ilipotangaza kuifunga mwaka 2016, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamejisajili huku wanaoitumia wakiwa kama 76,000 tu. Nchini Kenya, huduma yenye jina lilo hilo ilizinduliwa Machi 2007 na ikapita wateja milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Waafrika Kusini wengi walikuwa na akaunti za benki na kadi mfukoni, kwa hiyo hawakuona shida ambayo M-Pesa ingewaondolea. Swali la kwanza la mpimaji basi ni hili: kati ya waliojisajili, wangapi walirudi wenyewe bila kukumbushwa?

Linalofuata ni umbali kati ya mtu kuingia na kupata faida ya kwanza. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine kote, kwa sababu ukaribishaji mbaya huua programu nzuri. Tazama jinsi M-Pesa ilivyowapokea wageni wake. Mtumaji aliweza kumtumia hata mtu asiyejisajili, kwa ada ya juu zaidi. Mpokeaji alipata ujumbe wenye namba maalumu, akaenda kwa wakala, akaondoka na noti mkononi. Faida ilimfikia kabla hajaombwa kujisajili. Alipoamua kujiunga, hakulipa chochote. Alitoa kitambulisho, na wakala akamwandikisha pale pale kaunta, uso kwa uso. Kisha kila muamala ukaleta ujumbe kwa pande zote mbili, wenye namba ya muamala, na kila mmoja akaona salio lake. Ujumbe ule mfupi ni kazi ya ufundi wa hali ya juu. Ni stakabadhi, ni utulivu wa moyo, na ni somo la matumizi, vyote ndani ya simu isiyo na intaneti.

Ufundi huo haukutoka ofisini peke yake. Jaribio la M-Pesa la mwaka 2005, lililofanywa na kampuni za simu za Safaricom na Vodafone pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya katikati ya Nairobi, Mathare na Thika, lilikusudiwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Waliolisimamia wakaona watu wakitumiana pesa zisizohusu mkopo wowote, na wengine wakiweka pesa kabla ya safari ili wazitoe wafikapo. Huduma iliyozinduliwa mwaka 2007 ikajengwa juu ya kutuma pesa nyumbani. Fundi anayefaa kulipwa ni yule anayeweza kukuonyesha mahali ambapo watumiaji walimfanya aache mpango wake.

Jaribio la namna hiyo unaweza kulifanya Maua siku yoyote ya soko. Mpe mama muuza ndizi simu yenye programu, au mwandikie kwenye kabambe yake ile namba ya nyota na reli, kisha unyamaze. Kunyamaza ni kugumu, na wengi hushindwa. Angalia kidole kinasita wapi, ni neno gani analomwuliza jirani, na ni wakati gani anamkabidhi kijana aliye karibu simu amalizie. Akimkabidhi kijana, programu imeshindwa, hata kama takwimu zitaandika kwamba muamala umekamilika. Menyu za nyota na reli hukatika mtu akichelewa. Anayeongea Kiigembe nyumbani na kusoma Kiswahili polepole akipewa sentensi ndefu ya Kiingereza atakatiwa katikati, aanze upya, kisha aache. Mwache pia akosee. M-Pesa humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka, na kosa likitokea kuna namba 456 ya kuomba zirudishwe. Programu isiyo na njia ya kurudi nyuma usiipe alama, hata ikiwa maridadi namna gani.

Baada ya hapo, fungua takwimu. Omba kundi moja la watu walioanza wiki moja, uulize wangapi walikuwapo baada ya wiki nne, na wangapi baada ya wiki kumi na mbili. Kila kundi hupungua. Unachotafuta ni mahali mstari unapoacha kuteremka na kutulia, kwa sababu waliobaki pale ndio wateja wa kweli. Mstari usiotulia unasema kwamba wapya wanaletwa ili kuziba pengo la waliokimbia.

Neno mtumiaji hai nalo litazame kwa makini. Kampuni nyingi za pesa za simu huhesabu waliofanya muamala katika siku 30 au 90. Kwa muuza miraa, anayechuma na kuuza mwaka mzima, siku 30 ni nyingi mno. Mtu anaweza kuwa amehama wiki tatu zilizopita na bado akahesabiwa. Mkulima wa majani chai anayepeleka kiwandani Kiegoi analipwa kwa mwezi na kusubiri bonasi mara moja kwa mwaka, kwa hiyo ukimya wake wa wiki mbili si dalili ya kuacha. Mvua ikinyesha miraa hujaa na bei kushuka, kiangazi bei hupanda. Ukilinganisha Mei na Agosti utasifia programu kwa kazi ya mawingu. Na kwenye programu ya mikopo, mtu kuifungua kila siku huenda ni dhiki. Usimruhusu mtu akuuzie dhiki hiyo kama uaminifu wa mteja.

Zipo pia namba zinazodanganya bila mtu kukusudia. Wateja wengi wamezoea kumpa wakala pesa aziweke moja kwa moja kwenye namba ya mtu mwingine, ili kukwepa ada ya kutuma, ingawa kanuni inakataza. Kwenye rekodi inaonekana kana kwamba mwenye namba ameweka akiba, na yule aliyetoa pesa haonekani popote. Simu moja ikitumiwa na mama, mwana na shangazi, watu watatu wanahesabiwa mmoja. Asiyewahi kusimama kwenye kaunta ya wakala ataisoma picha hiyo kinyume.

Kuhusu ruhusa sina maneno mengi. Programu ya kuuza mazao inayodai orodha ya majina yote kwenye simu yako haijui kazi yake, au inaijua vizuri mno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka taarifa zinazokusanywa ziwe zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyotajwa. Programu ya namna hiyo ikatae tangu ukurasa wa kwanza.

Ukishayapitia haya, mwombe mjenzi akukutanishe na mtu aliyeacha kutumia programu yake na aliye radhi kueleza sababu. Mjenzi makini ameshazungumza na watu wa namna hiyo na atajua pa kuanzia. Kaa na mtu huyo kabla ya kutia sahihi mkataba.