Ufundi wa Kusahau

Kompyuta ya kawaida hukusanya bila kuulizwa. Programu iliyojaribiwa mara moja ikafutwa huacha mabaki yake, na mpangilio uliobadilishwa harakaharaka ili printa ifanye kazi hubaki palepale miaka nenda rudi, wala hakuna anayethubutu kuugusa maana hakuna anayejua umeshikilia nini. Wapo mafundi walioamua kuugeuza utaratibu huo. Mfumo endeshi wao hukaa kwenye flashi au CD ukiwa umebanwa katika faili chache. Mashine ikiwashwa, hufunguliwa ndani ya RAM, yaani memori ya muda ya kompyuta, na kuendeshwa humohumo. Puppy Linux, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, ilijipatia jina kwa hilo: CD ikishasomwa, mtumiaji anaitoa na kuendelea na kazi yake. Tiny Core ya Robert Shingledecker ilikwenda mbali zaidi kwa udogo, kwani kiini chake kisicho na madirisha hakifiki megabaiti 20. Ukizima mashine, kila ambacho hukukihifadhi kimekwenda.

Sifa inayotajwa kwanza ni kasi, nami naiona ndiyo nyepesi kuliko zote. Ni kweli RAM hujibu kwa takribani nanosekunde 100, ilhali diski ngumu inayozunguka huhitaji milisekunde kadhaa, yaani tofauti ya makumi ya maelfu ya mara. Lakini SSD zimelipunguza sana pengo hilo, na anayetaka kasi tu afadhali anunue moja apumzike. Ufundi ninaousifu uko kwingine. Mfumo huu humlazimisha fundi aamue ni kitu gani kinastahili kubaki. Katika Alpine Linux isiyotumia diski, kila mashine inapowaka mfumo hujengwa upya kutokana na orodha ya programu na faili moja ndogo yenye mipangilio ya mwenyewe. Amri iitwayo lbu huhifadhi katika faili hiyo saraka ya mipangilio, /etc, na kitu chochote kilicho nje yake sharti kitajwe kwa jina. Tiny Core nayo ina orodha yake ya vitu vya kuhifadhi, ambayo fundi huiandika kwa mkono. Matokeo yake ni kwamba tabia yote ya mashine, yaani kila kinachoitofautisha na nyingine elfu za aina yake, imo katika faili inayoweza kufunguliwa, kusomwa mstari kwa mstari na kulinganishwa na ya mwezi uliopita. Mashine ngapi za ofisini zinaweza kuelezwa hivyo? Na mtu akivuruga kitu mchana, kuzima na kuwasha kunairudisha pale fundi alipoamua mara ya mwisho.

Mtu wa Dar es Salaam au Kampala atauliza, na ana haki ya kuuliza: umeme ukikatika je? Kazi ambayo haijahifadhiwa itapotea, hilo halina ubishi. Ila hakuna anayelazimishwa kuweka barua na hesabu zake ndani ya RAM. Hizo zinaweza kuandikwa kwenye diski ya kawaida huku mfumo wenyewe ukiishi mbali nayo. Tena umeme unaokatika ghafla humwumiza zaidi yule mwenye mfumo unaoandika kwenye diski kila dakika, kwani faili iliyokatizwa katikati ya kuandikwa inaweza kuharibika, na keshoye mashine isiwake. Flashi inayosomwa tu haina cha kukatizwa. Haichakai upesi pia, maana kinachoila ni kuandikwa, na wanaotumia Raspberry Pi kwa kadi ndogo za memori wanalijua vizuri. Pingamizi la uhaba wa RAM lina nguvu zaidi. Anayehariri video, au anayefungua kurasa arobaini za intaneti kwa mpigo, atabanwa, na sioni sababu ya kumshawishi abanwe.

Lililobaki ni usiri, na hapa wapenzi wa ufundi huu hupenda kutia chumvi. Mwaka 2008 watafiti wa Princeton na wenzao walionyesha kwamba RAM haifutiki papo hapo umeme unapozimwa. Data hubaki kwa sekunde kadhaa na hata dakika, na RAM ikipozwa hudumu zaidi. Ndiyo maana Tails, mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya wanaojificha, hufuta RAM wakati wa kuzima badala ya kuiachia ijifute. Wala kuishi ndani ya RAM hakumzuii mvamizi kuingia mashine ikiwa inawaka. Kunachomnyima ni mahali pa kulala baada ya kuzima, ilimradi fundi aangalie anachokihifadhi. lbu ina amri ya kuonyesha kila faili iliyobadilika kabla ya kuhifadhiwa. Anayeiruka akahifadhi macho yamefumbwa huenda akamfungia mvamizi ndani ya faili ileile ndogo, na mashine itamrudisha kwa uaminifu kila inapowashwa.