Ngoma ambayo mdogo wangu hataki niweke

Orodha ya mwezi huu ni fupi: ngoma moja na albamu mbili. Zote zimetoka 2024, zote ni za Wakenya, na moja imeniletea shida kejani. Wacha nianze na hiyo ya shida, kwa sababu nyote mnaijua.

"Anguka Nayo" ya Wadagliz.

Ukiniuliza mwezi wa tano ningekuambia ni ngoma ya kawaida ya arbantone. Arbantone ni ile biashara ya kuchukua midundo ya kitambo, ya genge na ya dancehall, ile mabinamu wetu wakubwa walikuwa wanakatikia, halafu watoto wa sasa wanaipandia juu na mashairi yao. Ngoma kama hizo zilikuwa zinatoka kila wiki. Hii ilikuwa na kiitikio kifupi, mchezo wa kuanguka na kuinuka, na stori ya raha tu. Hakuna ujumbe pale. Ningeipatia wiki mbili kwa mat za kuja Baba Dogo, halafu ipotee kama zingine.

Halafu Juni ikafika, na Mswada wa Fedha wa 2024. Hapa kwetu mswada huo ulisomwa kwa njia ya chakula. Mathee huuza chapati na chai kwa geti la kiwanda, Baba Dogo Road, kuanzia saa kumi na moja asubuhi, vibarua wakingoja kuitwa. Hakuusoma mswada, lakini aliposikia kodi ya asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia na VAT ya asilimia 16 kwa mkate, alijua chapati ya kesho itakuwa ndogo. Hizo mbili ziliondolewa tarehe 18 Juni, siku ile ya maandamano ya kwanza tao. Watu walisema hapana, wanataka mswada wote uende.

Na ngoma ya raha ikatoka klabu ikaingia Moi Avenue.

Hakuna mtu aliyeiteua. Nimefikiria sana kwa nini ilikuwa hiyo, wakati tuna nyimbo za siasa zilizoandikwa vizuri kuishinda mara kumi. Jibu langu la kwanza ni la pumzi. Mtu anayekimbia hawezi kuimba beti tatu. Maneno mawili anaweza, na mtu wa Kayole na mtu wa Lavington wanayatamka sawa. La pili ni la mwili: ukijitupa chini katikati ya barabara ukicheka, halafu uinuke, umemwambia aliye mbele yako kwamba kuanguka hakukutishi. La tatu ni la lugha. Kwa Kiswahili chetu mswada ukikataliwa unasemwa umeanguka. Waliotunga ngoma hiyo hawakuwa wanafikiria Bunge, lakini neno lilikuwa tayari linangoja. Tarehe 26 Juni, siku moja baada ya vijana kuingia Bunge, Rais alisema hatatia sahihi. Mswada ukaanguka nayo.

Mathee alipoona vijana wanadensi kwa TV alisema, "Hata sisi tulikuwa na yetu." Anamaanisha "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji, 2002. Hiyo nayo ilianza kama vijana wawili wanaojipiga kifua kwamba hakuna wa kuwatisha, halafu NARC wakaidandia mpaka Kibaki akaingia Ikulu. Nilimuuliza walipata nini baada ya kudensi. Alifikiria kidogo akasema, "Wewe ulisoma primary bure." Ni kweli, na sikuwa na la kujibu. Lakini alinyamaza tena, akaongeza kwamba wale waliodensi nao jukwaani hawakurudi mtaani kuuliza mengine yalienda wapi.

Sasa shida yenyewe. Mdogo wangu ana miaka 19. Tarehe 25 Juni hakuenda kibarua, alienda tao na beste yake wa ploti ya pili. Usiku alirudi kwa miguu, kupitia Ngara, Muthaiga, Thika Road, mpaka Allsops, halafu akaingia mtaani akiwa na kiatu kimoja. Hakuongea. Tulijua kesho yake kwamba beste yake ako hospitali na ana risasi mguuni. Alilala huko wiki tatu. Leo, mwisho wa Agosti, anatembea na mkongojo.

Siku moja nilikuwa nafua na nikaweka ngoma hiyo kwa simu. Mdogo wangu alitoka chumbani. "Siz, toa hiyo." Nikadhani anatania. "Nimesema toa."

Nilitoa. Baadaye sana, usiku, ndio akaniambia. Ile spika ndogo walikuwa wamebeba ilikuwa ndani ya begi ya beste yake. Alipopigwa, spika haikuzimika.

Kwa hivyo swali langu la mwezi huu si kama ngoma ni kali. Ni kali. Kufikia tarehe 1 Julai Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa, na kuna familia ambazo zitasikia mdundo huo maisha yao yote kwa sikio tofauti na langu. Swali ni kama naweza kuwaambia muiweke. Nasema ndiyo, lakini na mkijua udhaifu wake. Ngoma isiyo na ujumbe ilituchukua wote kwa sababu ilikuwa wazi kama kikapu. Na kikapu kilicho wazi yeyote anaweka chake. Wiki iliyopita nimeisikia kwa gari la promosheni ya sabuni pale stage, na vijana wa fulana za bure walikuwa wanaanguka na kuinuka. Julai tuliona mawaziri wakifutwa, Agosti baadhi ya sura zilezile zikarudi na vigogo wa ODM wakaongezwa. Sioni ajabu kama kesho kutwa wote watapanda jukwaani na ngoma yetu. "Unbwogable" ilitufundisha hivyo na hatukuandika mahali.

Basi nimetafuta kitu ambacho hakiazimwi.

Albamu ya kwanza ni "The Adept" ya Lord Spikeheart. Ilitoka Aprili, wakati mvua ilikuwa inabeba nyumba za watu kule Mathare, na labda ndio maana wengi wetu ilitupita. Huyu ndiye sauti ya Duma, lile kundi la watu wawili la Nairobi lililotoa albamu 2020 na Nyege Nyege Tapes wa Kampala. Sasa ako peke yake, na lebo yake anaita HAEKALU. Muziki wenyewe ni metal, kelele za mashine, ngoma zinazoenda mbio kuliko moyo, na juu yake mtu anapiga mayowe. Sikudanganyi, ni mayowe. Sisi tumezoea rapa anayetaka kila neno lisikike. Huyu anayameza maneno, anakupa koo tu.

Mathee alitoka jikoni akiwa na mkono wa unga. "Huyo naye anaumwa na nini?"

Nilimwambia ni kitukuu wa Field Marshal Muthoni wa Kirima, na albamu amemtolea huyo nyanya yake. Mathee anamjua Muthoni, kila mtu wa umri wake anamjua: mwanamke aliyebaki msituni na Mau Mau mpaka 1963, akafuga zile nywele za msituni miaka yote ya uhuru, mpaka Mama Ngina Kenyatta akazikata 2022. Alifariki Septemba mwaka uliofuata. Mathee alisimama pale mlangoni akasikiliza kama dakika moja. Akasema, "Basi mwacheni alie," akarudi kwa unga wake.

Sijasoma uhakiki wa albamu hii unaoshinda huo. Watu waliotoka msituni waliambiwa wamepata nchi, na wengi wao hawakupata hata shamba la kuzikwa. Hilo si jambo unaweza kuliweka kwa kiitikio kizuri. Ukiimba vizuri sana, msikilizaji anapiga makofi na kwenda nyumbani. Spikeheart anakataa kupigiwa makofi. Na hakuna kampuni ya sabuni itamgusa.

Makosa yako. Katikati ya albamu masikio yanachoka, na ngoma mbili tatu zinafanana mpaka hujui moja imeisha wapi. Ilifaa aachie nafasi zaidi za kupumua, kwa sababu mayowe baada ya kimya yana uzito kuliko mayowe baada ya mayowe. Usiisikize yote kwa kikao kimoja. Gawa mara mbili, weka hedifoni, na uwaambie majirani mapema.

Albamu ya pili ni "Natur" ya KMRU, imetoka Julai na lebo ya Touch. Ni kipande kimoja, zaidi ya dakika 50, bila sauti ya mtu, bila mdundo. KMRU jina lake ni Joseph Kamaru, na kama mzee wako alikuwa na redio unajua jina hilo si geni. Ni la babu yake, yule Joseph Kamaru wa nyimbo za Kikuyu, aliyeimba kuhusu kifo cha J.M. Kariuki 1975 wakati wengine walikuwa wananong'ona. Sikupanga orodha iwe ya wajukuu na vitukuu. Imetokea tu.

Mjukuu haimbi siasa. Amekulia Nairobi, sasa anaishi Berlin, na katika kazi hii anatumia vifaa vinavyonasa kile masikio yetu hayasikii: mawimbi ya umeme yanayotoka kwa nyaya, simu, mashine. Alitoka mji usionyamaza akaenda mji unaonyamaza usiku, halafu akaanza kutafuta kelele iliyojificha ndani ya huo ukimya. Dakika za kwanza nilidhani simu yangu imeharibika. Mlio, mkwaruzo, kitu kama mvua kwa mabati ya mbali. Nikataka kuacha.

Aliyenizuia ni mdogo wangu. Nilikuwa nimeiweka bila hedifoni, na tangu Juni hakuwa ameketi karibu na muziki wowote. Alikuja akakaa kwa kiti. Baada ya muda akasema, "Hiyo ni transfoma."

"Transfoma gani?"

"Ile ya karibu na kiwanda. Usiku ukipita chini yake inafanya hivo."

Ni kweli inafanya hivyo. Nimepita chini yake miaka yote na sijawahi kuisikia. Mtu wa Baba Dogo anaishi ndani ya mlio: mashine za zamu ya usiku, kesha ya kanisa, jenereta stima ikipotea, makanga wa mwisho akiita Lucky Summer. Tumeuzoea mpaka tunauita kimya. KMRU anakurudishia masikio, na sidhani ni jambo dogo mwaka huu, wakati watu wanalala wakisikiliza gari gani limesimama nje ya geti. Kuna vijana wamechukuliwa na watu wasiovaa sare. Kusikia vizuri kumekuwa kazi ya kila mtu.

Tulisikiliza mpaka mwisho, ingawa yeye alisinzia sehemu. Alipoamka aliuliza huyo msee ni wa wapi. Nikamwambia wa hapa Nairobi, ila ako Ujerumani. Akasema, "Ameenda mbali hivo kusikia stima," na hiyo ndiyo mara ya kwanza amecheka tangu Juni.

Nisidanganye kwamba albamu imemponya. Bado anaamka usiku. Na "Natur" si ya kila mtu: ukiiweka ukiosha vyombo utaona ni mlio tu. Inataka ukae, na kukaa dakika 50 bila kufanya kitu ni anasa kwa mtu anayengoja kuitwa kwa geti saa kumi na mbili. Lakini kama una usiku mmoja, mpe.

Kabla ya kuandika haya nilimuuliza mdogo wangu kama ni sawa nitaje ile ngoma. Alisema, "Andika. Lakini usiiweke hapa." Nikakubali.

Jumapili iliyopita beste yake alikuja kututembelea. Kupanda ngazi mpaka kwetu kulimchukua muda, tulisikia mkongojo kila ngazi. Mathee alimpa chai na chapati mbili. Alikuwa na ile begi. Alipomaliza kula alitoa spika, ileile, ina mkwaruzo upande mmoja, akaniuliza kama tuna chaja ya aina yake kwa sababu moto umebaki kidogo. Halafu akaweka "Anguka Nayo", sauti ya chini, akitikisa kichwa.

Nilimwangalia mdogo wangu. Hakusema toa. Aliinuka, akatoka nje, akasimama pale kwa reli akiangalia barabara. Ngoma ilipoisha alirudi ndani akamjazia mwenzake chai.