Mvinyo wa Pili na Ufundi wa Kukataa

Basi la Dodoma likifika stendi ya Nyegezi hapa Mwanza, si ajabu kumkuta abiria mwenye chupa ya mvinyo mwekundu begini, zawadi ya wenyeji wake. Zao la zabibu huko Dodoma lilianza Bihawana, wamisionari wa Kiitaliano walipopanda mizabibu miaka ya 1950, na leo Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Mfaransa huvuna mara moja tu, kwa kuwa baridi huilaza mizabibu yake. Labda ndiyo maana amejifunza kuchambua kwa ukali.

Wapenzi wa mvinyo huku kwetu wakiitaja Ufaransa hutaja majina makubwa. Mimi navutiwa zaidi na Les Forts de Latour, mvinyo wa pili wa Château Latour. Shamba hili liko Pauillac, Bordeaux, na tangu mwaka 1855 limo katika daraja la kwanza la mvinyo wa huko. Kiini chake ni l'Enclos, hekta 47 za changarawe juu ya udongo wa mfinyanzi, jirani na maji mapana ya Gironde. Sisi wa ziwani tunajua maji mengi yanavyotuliza joto na baridi. Mizabibu mikongwe ya hapo ndiyo hutoa mvinyo wa kwanza. Mizabibu michanga, pamoja na vipande vilivyo nje ya l'Enclos, hutoa Les Forts, ulioanza na mavuno ya 1966.

Kila kipande huvunwa kivyake na kuchachushwa kivyake. Kisha wataalamu huketi na glasi, wakaonja tangi baada ya tangi. Lisilofikia kiwango cha kwanza huwekwa kando, hata kama ni zuri, na hata kama kuliweka kando ni kupunguza mapato, maana chupa ya pili huuzwa kwa bei ya chini sana kuliko ya kwanza.

Lakini kushushwa daraja si kutelekezwa. Mvinyo wa pili nao hulazwa katika mapipa ya mwaloni ya lita 225, ila mapipa mapya huwa machache. Kila baada ya miezi kama mitatu huhamishiwa pipa jingine ili uachane na mashapo. Kwa desturi ya Bordeaux, fundi huchuchumaa mbele ya pipa na kukinga glasi mbele ya mshumaa. Mvinyo hutiririka mwangavu. Mara uzi mwembamba wa ukungu ukatokea, naye akafunga papo hapo. Baadaye mvinyo hutiwa ute wa mayai, unaozama polepole ukibeba chembe za ukakasi.

Mchuuzi mwaminifu wa dagaa hufanya vivyo hivyo: fungu la pili huliuza kama la pili, likiwa kavu na halina mchanga. Jina lake hulindwa na fungu hilo kuliko lile la kwanza, kwa sababu ndilo linalofika katika nyumba nyingi.

Natamani mafundi wa Dodoma wafike hapo. Wanacho kituo cha utafiti wa zabibu Makutupora, na wanayo mavuno mawili ya kujifunzia kila mwaka. Wavune kila kipande kivyake, waonje bila kujionea huruma, watoe chupa mbili zenye majina mawili. Mnywaji wa Nyegezi atanunua ya pili akijua kwa nini ni ya pili, na kila shilingi atakayotoa italipia kazi iliyokamilika.