Mshipi Wakati wa Kipupwe

Ukitaka kumjua mvuvi wa mshipi, usimwulize amevua nini. Mtazame kidole chake cha shahada. Mzee mmoja wa Kigombe, kijiji kilicho kando ya barabara ya Tanga kwenda Pangani, ana kovu lililokata mshazari kwenye pingili ya kati ya kidole hicho, laini, jeupe kidogo kuliko ngozi iliyolizunguka. Halikutokana na ajali. Ni njia ya uzi. Uzi umepita hapo tangu ujana wake, ukishuka na chambo, ukipanda na samaki au ukipanda mtupu, mpaka nyama ya kidole ikajifunza kuupisha.

Nimewahi kukaa na wavuvi wakati wa kaskazi, bahari imelala na samaki wanajileta wenyewe, na sikuona sababu ya kumsifu mtu. Bahari ya Februari humpa hata mgeni. Sifa za mshipi zinaanza kipupwe kinapoingia. Upepo wa kusi huanza kushika Aprili, ukawa mkali kabisa kati ya Juni na Agosti. Maji ya juu, yaliyokuwa na nyuzijoto 29 hivi mwezi wa Machi, hushuka hadi kwenye 25. Mtu wa Njombe akisikia kwamba sisi wa pwani tunaiita hiyo baridi atacheka mpaka akae chini. Lakini samaki hana sweta. Joto la mwili wake ni lile la maji aliyomo. Maji yakipoa na tumbo lake hupoa, njaa inapungua, kinywa kinakuwa kizito. Ndiyo maana wengi huvuta vyombo vyao juu, wakashona nyavu na kusubiri demani. Mzee huyu huvaa sweta kuukuu juu ya msuli, akaingia baharini.

Chombo chake ni mtumbwi wa mwembe, wa mtu mmoja. Siku niliyofuatana naye mimi nilikuwa mzigo tu: nilipewa upo nifue maji na nikaombwa nisiseme sana. Mtumbwi hauna matengo wala tanga. Ukingo wake uko shubiri moja juu ya maji, na ukishakaa ndani bahari iko kiunoni mwako. Unanuka sifa, yale mafuta ya papa, harufu ambayo haitoki nguoni hata kwa sabuni ya mche. Hakuna mahali pa kusimama, hakuna pa kuweka barafu, na wavu wa maana hauingii. Tuliondoka alfajiri, umande wa bara ukitusukuma mgongoni, kwa sababu upepo wa kusi huamka pamoja na jua, na ikifika saa nne asubuhi mtumbwi hauna tena shughuli nje ya mwamba. Tena siku yenyewe ilikuwa ya maji mafu. Wakati wa bamvua mkondo huupeperusha mshipi, na chubwi halifiki lilikokusudiwa. Nusu ya uvuvi wake, kwa hiyo, ilikuwa imekwisha kufanyika nyumbani, kwa kutazama mwezi.

Kufika penyewe ni elimu nyingine. Mbuyu wa ufukweni uingie nyuma ya mnara wa msikiti. Upande wa pili, mwanya kati ya vilele viwili vya Usambara ukae juu ya kundi fulani la minazi. Alama hizo mbili zikikutana, chini yako kuna mwamba ambao si mkubwa kuliko sebule. Akatosa jiwe la nanga. Kamba yake imefungwa chini ya jiwe, kisha ikashikizwa juu kwa uzi dhaifu, ili likikwama kwenye matumbawe uzi ukatike na jiwe lipinduke litoke. Hakuvunja kitu kule chini, wala hakuacha kamba.

Halafu akashusha mshipi, na hapo ndipo nilipoanza kuona aibu kwa niaba ya wakati wetu.

Hakutikisa. Hakuvuta na kuachia kama vijana wanavyofanya. Alikata ngisi ukanda mrefu, akautunga kwenye ndoana, akauteremsha taratibu mpaka chubwi likagusa, akapandisha kiasi cha dhiraa moja, kisha akanyamaza mwili mzima. Uzi ulilala kwenye lile kovu. Wimbi lilipotunyanyua, mkono wake ulishuka. Wimbi lilipotuacha, mkono ulipanda. Hivyo mtumbwi ulikuwa unacheza lakini chambo, pima kumi chini yetu, kilikuwa kimetulia kabisa. Jaribu kufanya hivyo kwa dakika tano. Mimi nilijaribu baadaye na bega likaniuma. Yeye alifanya kwa saa nzima huku akinisimulia habari za mkwe wake.

Kila samaki ana mkono wake, aliniambia. Kikande hudonoa haraka haraka, mwizi asiyetaka kuonekana, na ukistuka kuvuta unakuta ndoana imesafishwa. Changu hugonga mara mbili. Chewa hagongi. Chewa hukaa mlangoni pa pango lake, hufungua kinywa, maji yanaingia na chambo humo humo, na kule juu husikii pigo lolote. Unasikia tu kwamba uzi umekuwa mzito kuliko ulivyokuwa. Wakati wa kaskazi uzito huo huja kwa nguvu na hata mtoto atautambua. Wakati wa kipupwe huja pole pole, na mtu anaweza kudhani ni mkondo. Kati ya mkondo na chewa mvivu wa mwezi wa Julai kuna tofauti ndogo sana, na tofauti hiyo ndiyo iliyo kwenye kidole cha mzee. Hakuna kitabu chake. Hakuna namna ya kumweleza mtu aliyekaa nchi kavu.

Alipomhisi alivuta mara moja, kwa mikono miwili, pima mbili za mwanzo bila kupumua. Chewa akishikwa kitu chake cha kwanza ni kurudi pangoni, na akiwahi kuingia hutanua mashavu na mapezi akajibana kwenye jiwe, basi hapo utakata uzi kabla hujamtoa. Huyu aliwahi. Uzi ukasimama kimya kama umefungwa kwenye mwamba wenyewe.

"Ametoroka?" nikauliza.

"Hajatoroka, mwanangu. Yuko kwake. Sisi ndio wageni."

Akaulegeza mshipi. Aliuachia kabisa, ukaning'inia, akaufunga kidogo kwenye kidole gumba cha mguu, akafungua chupa ya chai. Chai ya tangawizi, na muhogo wa kuchemsha uliofungwa kwenye jani. Tulikula. Jua lilipanda. Upepo ulianza kubadilika na mimi nikawa natazama mawimbi kwa wasiwasi, naye akatafuna muhogo. Mshipi ukilegea chewa husahau, alisema. Hakuna kinachomvuta, hana sababu ya kujibana, atatoka mwenyewe kutazama mlango wake. Nguvu humfanya jiwe. Subira humrudisha kuwa samaki. Nilipokuwa nimekata tamaa na hadithi ya mkwe imeanza upya, kidole cha mguu kilisogea. Mzee aliweka kikombe chini, hakukitupa, akachukua uzi kana kwamba amekumbuka jambo dogo, na mara hii chewa alipanda.

Alikuwa wa urefu wa mkono, wa rangi ya udongo, na mdomo wenye dharau. Kabla yake alipata mwingine mdogo, akamrudisha. Tena upande wa kaskazini wa mwamba huo kuna pango ambalo hashushi mshipi kabisa. "Mle yumo baba wa mtaa," alisema, "nikimtoa huyo mtaa utavunjika." Wataalamu wa samaki wanasema chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na wale wanaojaliwa kukua sana ndio hugeuka madume. Mzee hakusoma hilo popote. Amelijua kwa kuvua mahali pamoja, pole pole, kwa chombo kisichoweza kubeba zaidi.

Kazi hii ni ya kale kuliko majina tunayoipa. Baharia wa Kiyunani aliyeandika habari za pwani hii katika karne ya kwanza, kwenye kile kitabu kiitwacho Periplus, alitaja mitumbwi ya gogo moja iliyotumika kuvulia samaki na kasa, na matenga ya kutegea samaki yaliyowekwa kwenye milango ya maji, ambayo mtu wa Pemba atayatambua leo hii kuwa madema. Na ni miamba hii hii ya Tanga iliyomkwamisha Vasco da Gama. Mwaka 1498 merikebu yake moja, São Rafael, ilipanda fungu karibu na Tongoni; wenyeji wakaja kwa vyombo vidogo, kimojawapo kimejaa machungwa. Mwaka uliofuata, wakirudi kutoka Bara Hindi, Wareno waliichoma wenyewe hapo hapo kwa kukosa watu wa kuiendesha. Nikiwa ndani ya mtumbwi uliokuwa unapita juu ya mafungu hayo bila kugusa, sikuacha kufurahi kidogo.

Mshipi wa mkono umewahi kuitumikia hata sayansi. Mwaka 1938 Afrika Kusini alipatikana silakanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita. Profesa J. L. B. Smith alimtafuta wa pili kwa miaka 14. Aliyempata, Desemba 1952, ni mvuvi wa kisiwa cha Nzwani huko Komoro, Ahamadi Abdallah, kwa mshipi. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote. Walimwita gombesa na hawakumthamini kwa kula. Mshipi ulimtoa mmoja mmoja, kwa nadra. Huku kwetu Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyavu za kina kirefu zilipoanza kutumika, walinaswa wengi kwa muda mfupi hata dunia ikashtuka, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lao. Samaki ni yule yule. Kilichobadilika ni kile kilichoshushwa.

Kuna jambo huwa linanichekesha. Marekani, watu wenye uwezo wa kununua boti ya injini mbili wanaiacha nyumbani, wananunua kayaki, mtumbwi wa plastiki wa mtu mmoja, na kuingia nao ziwani wakati wa baridi kumtafuta samaki aitwaye besi, jamaa wa yule aliyepandikizwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Maji yakipoa besi naye huwa mvivu, nao wamegundua kwamba chambo lazima kiende polepole, kisimame, kingoje. Wanalipia safari, mavazi na vifaa ili wajifunze kutulia. Mzee wa Kigombe anacho hicho bure, na mjukuu wake anaona haya kuonekana ndani ya mtumbwi.

Simlaumu sana huyo kijana. Ameona faiba yenye injini ikitoka saa mbili na kurudi saa sita imejaa. Ameona pia kwamba alama za babu yake zinakufa. Ule mbuyu una kibanda cha kuchomelea vyuma ubavuni na matawi yanakatwa kila mwaka. Minazi ya upande wa pili ilinunuliwa pamoja na kiwanja. Mzee ameanza kutumia mnara wa simu badala yake, na hakuona ubaya wowote. Kijana ana mwamba huo ndani ya simu yenyewe. Tatizo ni kwamba mwamba uliohifadhiwa kwenye simu moja Jumatatu unakuwa kwenye simu za kijiji kizima kabla ya Ijumaa, na mwamba wa ukubwa wa sebule hauwezi kupokea wageni wote hao. Alama ya macho ilikuwa inamchagua mrithi. Baba alikaa na mtoto miaka kadhaa ndipo akampa, na kufikia hapo mtoto ameshajua pango lipi lisiguswe.

Halafu kuna baruti. Sheria imeikataza tangu 1970, na pwani ya Tanga imeisikia ikilia vizazi viwili baada ya hapo. Miaka ya karibuni serikali imekaza uzi na milipuko imepungua sana, hilo lazima lisemwe. Lakini tumbawe lililosagwa halisikii tangazo. Mzee alinionyesha mahali ambapo hapunguzi mwendo hata kidogo, anapiga kafi na kupita. Chini ni changarawe tupu. Palikuwa na chewa, alisema, na akataja jina la mtu aliyempa alama zake. Mvuvi wa baruti hakuhitaji kujua mkono wa changu na mkono wa kikande, wala maji mafu, wala msimu. Alihitaji chupa, utambi na sekunde chache za ujasiri wa kijinga.

Nasi wa nchi kavu tulimsaidia. Zamani mama aliyekwenda kununua samaki mnadani aliinua shavu akatazama matamvua, akabonyeza tumbo, akapasua kidogo kuona kama damu imevilia kwenye uti wa mgongo na mbavu zimeachana. Samaki wa baruti alirudishwa kwa matusi mbele za watu, na aliyemleta aliona aibu. Sasa chewa wa mzee, aliyengojewa kwa chai na muhogo, anatupwa kwenye sakafu ile ile pamoja na samaki yeyote aliyetangulia, kwa bei ile ile ya kilo. Juzi nilisimama hapo mnadani kutwa nzima kusikiliza wanunuzi. Hakuna aliyeuliza alivuliwa vipi. Waliuliza bei, wakauliza kama atakatwa vipande, na mmoja, kijana nadhifu mwenye funguo za gari mkononi, akauliza kama pale pana chipsi.