Uzi na Mfano Wake

Katika vitabu vya kufunzia nadharia ya nyuzi, viwili vimeheshimiwa sana: kile cha Green, Schwarz na Witten cha mwaka 1987, na kile cha Polchinski cha mwaka 1998. Kila kimoja kina juzuu mbili, nacho hutazamia msomaji aliyekwisha kuzama katika hisabati. Upande wa pili viko vitabu vya watu wote, kama cha Brian Greene cha mwaka 1999, ambavyo huweka hisabati kando na kushika mfano: asili ya kila kitu ni uzi mdogo mno unaotetema, na kila mtetemo huonekana kama chembe ya namna yake, mithili ya uzi wa gambusi utoao sauti mbalimbali. Mwanafunzi husimama katikati; vya kwanza vyamfukuza, vya pili vyambembeleza.

Barton Zwiebach, mzaliwa wa Peru na mwalimu wa fizikia katika Massachusetts Institute of Technology, alimwandikia mwanafunzi huyo *A First Course in String Theory*, kilichotoka mwaka 2004.

Kwa maoni yangu, ubora wa kitabu hiki si wepesi wake. Ubora wake ni kuufuata mfano wa uzi kwa uaminifu mpaka pale unapokatika. Sura ya nne yahusu uzi wa kawaida. Kasi ya wimbi hutegemea mambo mawili, mkazo wa uzi na uzito wa kila sehemu ya urefu wake, na moja laweza kubadilishwa pasipo jingine. Sura ya sita yaleta uzi wa nadharia, na hapo desturi yapinduka. Uzi huu haukusokotwa kwa pamba wala kufuliwa kwa chuma. Unaponyoshwa na kutulia, uzito wake watokana na mkazo wenyewe. Wimbi hupita juu yake kwa kasi ya nuru, na ncha zake zikiwa huru huenda kwa kasi hiyo hiyo. Ni gambusi gani lenye uzi kama huo? Aliyefika hapa kwa kalamu yake ajua mfano wasema kweli wapi, na wapi wadanganya. Aliyeshika mfano peke yake hawezi kujua, maana mfano hautaji mpaka wake.

Walakini kitabu kina upungufu. Mwandishi amechagua njia ya koni ya nuru, ambayo hufupisha hesabu lakini huuficha ulinganifu wa mahali na wakati alioufundisha Einstein. Kuuhifadhi ulinganifu huo ndiko kunakoulazimisha uzi wa aina ya kwanza kuwa na vipimo 26. Jambo kubwa namna hii latolewa kwa tokeo lake, na hesabu ndefu iliyolizaa haionyeshwi yote. Mwanafunzi aombwa kuamini mahali alipostahili kushuhudia.

Lawama hii si ndogo, kwa kuwa mpaka leo hakuna jaribio lililoithibitisha nadharia yenyewe. Palipo na jaribio, mwenye kukosea husahihishwa na maumbile; hapa husahihishwa na hesabu tu. Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wakisome kitabu hiki kalamu mkononi, na sehemu ile iliyorukwa waifanye wenyewe.