Windows Inapojivuta Ndani ya Mac

Karibu kila anayeniletea Mac inayoendesha Windows ndani yake, na programu zake zinajivuta, anakuja na jibu mkononi: RAM ni ndogo, iongezwe. Zamani jibu hilo lilikuwa na maana. Ila kwenye Mac zenye prosesa za Apple wenyewe, zilizoanza kuuzwa Novemba 2020 na chipu ya M1, RAM imefungwa pamoja na prosesa tangu kiwandani. Hakuna fundi wa kuiongeza, si Sumbawanga, si Dar es Salaam. Na mara nyingi si RAM inayohitajika. Tatizo huwa mahali ambapo mifumo miwili inakutana: Windows upande huu, Mac upande ule, na kazi inayopita katikati.

Mfano ninaouchambua ni wa mwalimu mstaafu wa hapa Sumbawanga anayekusanya maneno ya Kifipa. Kazi yake naipenda kweli. Nyanda hizi za Ufipa zilikuwa na mafundi waliofua chuma kwenye malungu, yale matanuri marefu ya udongo, na wazee wanaojua majina ya sehemu zake na vifaa vyake wanazidi kupungua. Kila neno analoliingiza ni neno lililookolewa, kwa hiyo kompyuta inayoganda mezani pake inachelewesha kazi isiyo na muda wa kupoteza.

Anatumia FieldWorks, programu ya SIL ya kutunza kamusi na matini za lugha. Ipo ya Windows na ipo ya Linux. Ya Mac haipo. Yeye ana MacBook Air ya M1, RAM GB 8, diski GB 256, zawadi ya ndugu yake. Akawekewa mashine pepe, yaani kompyuta iliyotengenezwa kwa programu na kuishi ndani ya kompyuta halisi, na ndani ya hiyo ikawekwa Windows 11. Kamusi ilifunguka. Lakini akiwa katikati ya kuandika maelezo ya neno, skrini inaganda, kisha herufi zote alizobonyeza zinamiminika kwa mkupuo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Fundi, wewe niongezee RAM tu, mengine nitayamudu."

"Hii haiongezwi, mwalimu. Naomba kwanza nikuangalie ukifanya kazi."

Kumwangalia mtu akifanya kazi ni kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka, na hapa ndicho kilichotoa ufunguo. Alipoandika mfululizo, mambo yalikwenda. Alipotulia kidogo kusoma daftari lake, kisha akarudi kwenye kibodi, hapo ndipo skrini iliganda. Kama shida ingekuwa prosesa kuzidiwa, ingekuwa kinyume: kazi ikizidi ndipo ingelemewa. FieldWorks huhifadhi kazi yenyewe bila kuombwa, na huchagua nyakati ambazo mtumiaji ametulia. Kwa hiyo swali likabadilika. Badala ya kuuliza kwa nini programu ni nzito, nikauliza: inahifadhi wapi?

Kabla ya kufika huko, kulikuwa na jambo moja la kuthibitisha, nalo huchukua nusu dakika. Ndani ya Windows unafungua mipangilio, unaingia sehemu ya mfumo, unasoma maelezo ya kompyuta. Prosesa ikitajwa kuwa ya ARM, uko salama: hiyo ni Windows iliyotengenezwa kwa aina ya prosesa ambayo Mac hizi zinayo, na mashine pepe inaipitisha moja kwa moja hadi kwenye chipu. Ikitajwa prosesa ya Intel kwenye Mac ya M1, acha kila kitu. Maana yake mtu ameweka Windows ya kawaida na kompyuta inaiga prosesa nzima kwa programu, amri kwa amri. UTM, kwa mfano, programu nzuri na ya bure, inaruhusu njia zote mbili, ya kuiga na ya kupitisha moja kwa moja, na anayechagua ya kuiga bila kujua atateseka bure. Hakuna marekebisho yatakayomsaidia zaidi ya kuanza upya na Windows ya ARM.

Ya mwalimu ilikuwa ya ARM. FieldWorks yenyewe imeandikwa kwa prosesa za aina ya Intel, kwa hiyo Windows inaitafsiri inapokwenda. Tafsiri hiyo ina gharama, lakini Windows huhifadhi sehemu kubwa ya ilichokwisha kutafsiri, na ndiyo maana programu hizi huwa nzito zaidi zinapofunguliwa mara ya kwanza, kisha zikalainika. Gharama hiyo haielezi kuganda kwa katikati ya kazi.

Nikafungua vipimo viwili kwa pamoja: Task Manager upande wa Windows na Activity Monitor upande wa Mac. Watu wengi hutazama upande mmoja tu, wakadanganyika. Windows ilisema prosesa imepumzika na RAM inatosha. Mac ilisema tofauti kabisa: grafu ya shinikizo la RAM ilikuwa ya njano, na mara kwa mara ikawa nyekundu. Aliyeiweka mashine pepe aliipa Windows GB 6 kati ya 8 kwa nia njema. Mac ikabaki na GB 2 za kuendeshea mfumo wake, kivinjari, na mashine pepe yenyewe, ikawa inahamishia data kwenye diski na kuirudisha. Tukaipunguzia Windows hadi GB 4, kile kiwango cha chini ambacho Microsoft inakitaja kwa Windows 11, na kompyuta nzima ikapata nafuu. Watu hushangaa kwamba umepunguza na mambo yakaenda kasi, lakini Windows haiwezi kukimbia juu ya Mac inayohema.

Kuganda kulipungua ila hakukuisha. Hapo ndipo tukarudi kwenye swali la mahali pa kuhifadhia.

Kwa kawaida FieldWorks huweka miradi yake kwenye diski C ya Windows. Mwalimu alikuwa ameuhamishia mradi wake kwenye folda ya nyaraka ya Mac, ile inayoshirikiwa na mashine pepe. Alikuwa na sababu nzuri: kompyuta yake ya kwanza ilikufa na kazi yote ndani, na hataki kusikia tena kwamba Windows imeharibika na kamusi imekwenda nayo. Lakini folda inayoshirikiwa, machoni pa Windows, ni kama folda ya kompyuta nyingine kwenye mtandao. Kila ombi la kufungua, kuandika, kubadili jina na kufunga faili linavushwa mpakani. Aliyevusha mzigo kwenye mpaka wa Kasesya anaelewa: magunia mia yakipita kwa lori moja na hati moja, utavuka mapema; kila gunia likidai ukaguzi wake na muhuri wake, utalala pale, hata kama barabara ni nzuri.

Na FieldWorks inavusha magunia mengi. Kamusi nzima imo kwenye faili moja lenye kiendelezi cha fwdata, maandishi ya XML. Ukibadili neno moja, programu haigusi mstari mmoja na kuondoka. Inaandika faili jipya zima, kisha inaliweka mahali pa lile la zamani. Kwenye diski C hilo hupita bila mtu kujua. Kupitia folda inayoshirikiwa, ndilo lililokuwa linamgandisha mwalimu kila alipotulia. Juu yake, folda ya nyaraka ilikuwa imeunganishwa na iCloud, na kila faili jipya lilipotokea Mac ilianza kulipandisha mtandaoni. Hapo tukapata na jibu la malalamiko mengine ambayo hakuwa ameyahusisha: kwa nini bando lake lilikuwa linakatika haraka siku za kuandika kamusi.

Jaribio lilikuwa rahisi, nalo ndilo ninalomshauri kila mtu alifanye kabla ya kununua chochote. Nakili mradi uweke kwenye diski C, ufungue kutoka huko, fanya kazi ileile, usibadili kingine. Kuganda kukaisha.

Kumrudishia mwalimu mradi kwenye diski C bila kuijali hofu yake kungekuwa kumponya ugonjwa mmoja na kumwachia mwingine. FieldWorks ina njia yake ya kutengeneza nakala ya akiba, faili moja lenye kiendelezi cha fwbackup. Sasa anafanya kazi kwenye diski C, na jioni anatengeneza nakala hiyo na kuipeleka kwenye folda ya Mac, kisha kwenye diski ya nje. Faili moja linavuka mpaka, mara moja kwa siku.

Mengine tuliyamaliza haraka. Diski ilikuwa imejaa karibu yote kwa sababu ya picha za hali ya zamani za mashine pepe, zile zinazokuwezesha kurudi nyuma, tukafuta zisizohitajika. Windows iliyokaa muda mrefu bila mtandao, ikiunganishwa, hukimbilia masasisho na kula kila kitu, kwa hiyo tukauweka mtandao wa simu kama wenye kipimo. Antivairasi hatukuizima. Flashi zinazozunguka mjini zina vairasi, na sikubaliani na mafundi wanaoizima ili mteja aone kasi siku ya kuchukua kompyuta yake.

Joto nalo hutajwa, kwa kuwa MacBook Air ya M1 haina feni na hupunguza kasi ikipata moto. Hapa juu, kwenye kimo cha takribani mita 1,800, na hasa Juni na Julai, kisingizio hicho hakina nguvu. Mwalimu akishuka Muze au Mtowisa kwenye Bonde la Ziwa Rukwa kurekodi wasimulizi, hapo joto ni la kuhesabiwa.

Kwa wenye Mac za Intel, hesabu ni tofauti: mashine pepe haihitaji kutafsiri chochote, na Boot Camp inamruhusu mtu kuwasha Windows peke yake bila Mac chini yake. Shida yao ni umri, kwa sababu nyingi zimebaki na Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikwisha 14 Oktoba 2025. Na kwa anayetaka kununua leo kwa ajili ya programu moja ya Windows tu, sioni sababu ya kupitia njia hii yote. Laptopu ya Windows iliyotumika, yenye SSD na RAM GB 8, itamtosha na atabaki na fedha ya nauli ya kwenda vijijini. Mwalimu hakuwa na uchaguzi huo, alikuwa na zawadi. FieldWorks bado inachukua muda kufunguka asubuhi, ile mara ya kwanza, na huo hautaondoka kwa mpangilio wowote.