Heshima na Urithi wa Shujaa wa Tanzia katika Kinjeketile

Watahiniwa wengi wanapotakiwa kuthibitisha kuwa Kinjeketile ni shujaa wa tanzia, huorodhesha sifa: ni jasiri, ni mzalendo, ana msimamo. Sifa hizi zimo tamthiliani, lakini hazigusi kiini cha swali. Tanzia ya Kinjeketile ni kwamba ahadi iliyomjengea heshima ndiyo inayomwangamiza, naye mwishowe anakataa kuikana.

Katika tamthilia hii ya Ebrahim Hussein (1969), ahadi ya maji inawaunganisha watu waliokuwa wametengana. Baadaye Kinjeketile anatambua kuwa Hongo anawatoa kwa Wajerumani na kuwatia mikononi mwa Seyyid Said. Shaka inamwingia, anataka watu wangoje. Hata hivyo, imani yao imekwisha kumpita, hawamsikilizi tena. Dosari yake ni kutoa ahadi asiyoweza kuitawala.

Tumlinganishe na Mfalme Edipode wa Sophocles, tamthilia iliyotafsiriwa na Samuel Mushi mwaka 1971. Edipode anaisaka kweli hata inapomfedhehesha. Heshima yake inasalia kwa kuwa anaikiri hadharani. Kinjeketile anafanya kinyume. Akiwa mfungwa, Kitunda anamtaka aseme kuwa maji ni uongo. Anakataa, kwani vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba kupigania uhuru kulikuwa kosa. Hapa pana kinaya: mtu mwenye shaka anakufa akijulikana kama mwenye imani. Anapoteza heshima ya msema kweli ili auokoe urithi.

Wanafunzi wetu wa Mbumbuni wanaweza kumfikiria Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba hadi Nairobi mwaka 1938 kupinga kupunguzwa kwa mifugo, kisha akahamishiwa Lamu. Urithi wake ni rahisi kuueleza, maana serikali ilirudi nyuma. Urithi wa Kinjeketile ni mgumu zaidi kwa sababu jeshi lake lilishindwa.

Mwalimu asiufiche upande wa pili. Hoja ya Kitunda ina uzito: waliokufa ni wale walioyaamini maji. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa vimeanza tu. Hussein anamwacha wake aishi hadi aone kushindwa. Mabadiliko hayo yana maana kubwa, kwa sababu yanamlazimu shujaa achague huku akijua gharama yake.

Kwa hivyo, mtahiniwa asiishie kuandika kuwa Kinjeketile alikufa kishujaa. Aonyeshe alichokilinda, alichokipoteza, na nani mwingine aliyelipa. Jibu linalopima mambo hayo matatu litakuwa limeieleza tanzia yenyewe.